Kopo la Mlenda

Kopo shilingi mia tano, dada, la kulundika mia saba.
Huu sikuuanika kando ya lami
ukaramba moshi wa malori ya Singida.
Umekaukia juu ya tembe, siku nne.
Nusa. Usiniamini mimi, iamini pua yako.

Unauliza mbona siuzi mahindi
na mimi mtu wa Mundemu.
Subiri nimpimie huyu wa ukwaju.

Mwaka ule mvua ilikuja kinyumenyume:
ikatunyima mahindi yakichanua,
ikamwagika Mei yameshavunwa, yako uani, hatuna turubai.
Tukayaingiza kihengeni na jasho lake.
Mama aliinamia ungo akachagua:
nyeupe huku, zenye ukungu wa kijani kule,
na zile za katikati,
punje yenye doa dogo kama ncha ya sindano,
mkono wake ukasimama hewani.
Njaa ikamsukuma kiwiko.
Akazitia kwenye nyeupe.

Na za kijani hatukuzitupa. Nani anatupa?
Tulizilowesha zikawa pombe,
baba akanywa na wenzake, wakaisifu.

Mdogo wangu Ndahani alianza na macho.
Njano, dada. Njano ya ndulele iliyoiva,
ile ambayo hata mbuzi huipita.
Kisha tumbo likapanda, ngozi ikawambwa kama ya ngoma,
miguu ikabaki mabua ya uwele.
Jirani akasema karogwa.
Mwingine akachimba mzizi wa mtunguja
(unatuliza jino, huo, nautafuna mpaka leo)
akamchemshia kikombe kizima, cha mtu mzima.
Mzizi simlaumu.
Mzizi haujui anayeunywa ana kilo ngapi.

Bwana afya, Lemanya, alifika na pikipiki.
Hakuuliza tumemkosea nani.
Aliuliza, "Mnakula nini?"
Akazamisha mkono kihengeni mpaka begani,
akanusa vidole,
akatamka neno ambalo nyumba yetu haikuwa nalo: sumukuvu.
Mama akajitetea, "Lakini mimi ugali nauivisha!"
Akajibu taratibu, "Mama, hii moto hauiwezi."
Mama akayatazama mafiga
kama mtu aliyegeukwa na ndugu wa tumbo moja.

Ndahani tulimzika Jumanne.
Baba alichelewa miezi miwili.

Linalofuata naona haya kulisema, kwa kuwa lina ladha.
Mahindi yalichomwa yote, hatukubaki na kitu,
na mvua ile ile ya Mei
ilikuwa imeotesha mlenda kila mahali,
mpaka kwenye udongo mpya wa mtoto.
Mama akainama akauchuma.
Nikasema, "Mama, hapo?"
Akasema, "Hapa ndipo ulipoota."
Tukaupika na magadi, kwa uwele wa kuomba,
ukateleza kooni bila kutuuliza kitu,
na baada ya wiki
nikaona kucha zangu zina rangi tena.

Basi. Nimekuchelewesha na mgonjwa anangoja.
Kama damu imempungua, utie karanga,
lakini karanga zako umenye mwenyewe,
umwage kwenye ungo, usogee penye mwanga.
Utakutana na ile yenye doa, dogo tu,
na kitu ndani yako kitasema, si moja tu hii?
Itupe. Usimpe kuku.
Usiiweke ya pombe.

La, la kulundika nimekupa kwa mia tano.
Chenji sina. Chukua ukwaju.